Dondoo muhimu: Matembezi ya siku moja kutoka Lubumbashi

Majira. Mvua hunyesha Novemba hadi Aprili. Kiangazi ndicho msimu wa kutembea. Jiji liko kwenye mwinuko wa meta 1,200 hivi, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai huhitaji koti.

Nusu siku. Makumbusho ya Taifa asubuhi, kisha Ziwa Kipopo, nje kidogo ya jiji.

Siku nzima. Likasi iko umbali wa kilomita 120 hivi. Ng'ambo yake, huko Mwadingusha, bwawa la umeme limeuzuia mto Lufira na kuzaa ziwa Tshangalele, lenye ndege wengi wa majini.

Lofoi. Maporomoko haya ya Hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, hushuka zaidi ya meta 300. Maji hupungua sana mwishoni mwa kiangazi. Mei na Juni ndiyo miezi bora. Siku moja haitoshi: msafiri apange kulala huko.

Tahadhari. Migodi, askari na vizuizi vya barabarani visipigwe picha. Shinkolobwe, mgodi wa urani karibu na Likasi, si mahali pa matembezi.

Mkobani. Maji ya kutosha, kofia, viatu imara, vitambulisho na faranga taslimu. Safari ya kurudi ianze mapema, kabla giza halijaingia.