Mvua ya Nyanda za Juu na Mafuriko ya Rufiji: Setilaiti Zinavyompa Mkazi Muda wa Kujiandaa

Katika Bonde la Mto Rufiji, mafuriko yanaweza kufika mahali ambapo mvua haijanyesha. Mto huu hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, kuanzia nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa hadi Morogoro na Ruvuma. Zaidi ya nusu ya maji yake huletwa na Mto Kilombero, na mengine huletwa na Ruaha Mkuu na Luwegu. Kwa hiyo mkulima wa Utete, Mohoro au Chumbi anayetazama mawingu ya juu ya shamba lake pekee huona sehemu ndogo tu ya jambo linalomhusu.

Masika ya mwaka 2024 yalilithibitisha hilo kwa uchungu. Mwezi Aprili mafuriko makubwa yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na kaya nyingi zikalazimika kuhama. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo, zilizoambatana na hali ya El Niño, zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini na kuathiri watu zaidi ya 200,000.

Kati ya mvua kubwa ya nyanda za juu na maji kufika katika tambarare za chini hupita muda. Kaya inayoupata muda huo mapema huokoa watu wake, mbegu zake na mifugo yake. Somo hili linaeleza namna setilaiti zinavyosaidia kuupata muda huo, mahali zinapokomea, na kazi inayobaki mikononi mwa wakazi.

Mvua huonekanaje kutoka angani?

Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat hukaa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia, zikizunguka pamoja nayo, hivyo hulitazama bara la Afrika bila kuliacha. Kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo huleta picha mpya ya mawingu. Mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huweza kuona wingu la mvua likikua na upande linakoelekea.

Kukadiria kiasi cha mvua ni kazi nyingine. Mwaka 2014 Marekani na Japani zilirusha setilaiti kuu ya mpango wa GPM, ambao huunganisha vipimo vya setilaiti kadhaa na kutoa makadirio ya mvua kila nusu saa, kwa vipande vya eneo vyenye upana wa takriban kilomita 10. Makadirio hayo yana thamani kubwa katika milima na misitu isiyo na vituo vya kupimia mvua. Hata hivyo hubaki kuwa makadirio, na husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vilivyosomwa na watu ardhini.

Rada hupenya mawingu

Picha ya kawaida ya setilaiti huzuiwa na mawingu, na siku za mafuriko ndizo siku za mawingu mazito. Kwa sababu hiyo hutumika setilaiti za rada, kama zile za Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe kuelekea ardhini na kupokea yale yanayorudi. Hupenya mawingu, na hufanya kazi usiku kama mchana.

Maji yaliyotulia ni kama kioo: huyaakisi mawimbi hayo upande wa pili, hivyo machache sana hurudi kwenye setilaiti, na mahali hapo huonekana peusi katika picha. Ardhi, miti na nyumba hurudisha mawimbi mengi zaidi na kuonekana kwa weupe. Wataalamu hulinganisha picha iliyopigwa wakati wa kiangazi na ile ya siku ya mafuriko. Sehemu zilizogeuka kuwa nyeusi huchorwa kwenye ramani kuwa zimefunikwa na maji. Ramani ya namna hiyo huwaonyesha waokoaji barabara iliyokatika na kitongoji kilichozingirwa.

Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwezi Desemba 2022, hupima kimo cha uso wa maji katika maziwa na katika mito yenye upana wa zaidi ya mita 100. Mto Rufiji una upana huo katika sehemu kubwa ya tambarare zake za chini.

Bwawa na mto

Mwezi huohuo wa Desemba 2022 ndipo Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya megawati 2,115. Tangu hapo, mkazi wa chini ya bwawa ana mambo mawili ya kufuatilia: mvua ya nyanda za juu na kiasi cha maji bwawani. Bwawa lenye nafasi hupokea mafuriko na kuyapunguza kasi; likikaribia kujaa, maji ya ziada hayana budi kuruhusiwa kushuka mtoni. Picha za setilaiti huonyesha bwawa likipanuka au kusinyaa, lakini tangazo la kufunguliwa kwa maji hutoka kwa wenye dhamana ya bwawa, na ndilo la kufuatwa.

Maji kama riziki

Wazee wa Rufiji hawakuyatazama mafuriko kama adui pekee. Kilimo cha mlau hutegemea unyevu na rutuba vinavyoachwa na maji yanapopungua, na maziwa ya bondeni kama Utunge, Ruwe na Zumbi hupata maji mapya na samaki mto unapofurika. Ndiyo sababu watu hurudi bondeni, na ndiyo sababu mwaka wa mto mdogo nao huleta njaa.

Setilaiti husaidia pia katika miaka hiyo ya ukame. Kumbukumbu ya picha za Landsat ilianza mwaka 1972, hivyo inawezekana kulinganisha ukubwa wa ziwa au uoto wa bonde kwa zaidi ya miaka hamsini. Makadirio ya mvua yaitwayo CHIRPS yanaanzia mwaka 1981 na huonyesha mapema kama msimu uko chini ya wastani. Setilaiti pacha za GRACE-FO, zilizorushwa mwaka 2018, hufuatilia mabadiliko ya maji yaliyo ardhini kwa kupima tofauti ndogo za nguvu ya mvutano wa dunia. Lakini hizi hueleza hali ya eneo lenye upana wa mamia ya kilomita. Haziwezi kuonyesha mahali pa kuchimba kisima cha kijiji. Kazi hiyo huhitaji upimaji wa ardhini.

Setilaiti haioni nini?

Setilaiti ya rada haipiti juu ya kijiji kila saa. Siku kadhaa huweza kupita kati ya picha moja na nyingine, na kilele cha mafuriko kikawa kimepita. Maji yaliyo chini ya mikoko ya delta au minazi iliyosongamana huweza kufichika. Aidha, picha haijui ni nyumba ipi yenye mgonjwa asiyeweza kutembea, wala mtumbwi upi unavuja. Taarifa hizo ziko kwa majirani.

Muda ukipatikana utumiweje?

TMA hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Kwa mkazi wa Rufiji, taarifa inayotaja Morogoro, Iringa au Njombe isichukuliwe kuwa ya watu wa mbali.

Angalizo likitolewa, ni wakati wa kufungasha vyeti na mbegu mahali pasipoingia maji na kukagua mitumbwi. Tahadhari ikitolewa, nafaka na mifugo vipelekwe mahali palipoinuka, na watu walio kwenye madungu ya mashambani warejee. Tahadhari kubwa ikitolewa, wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto waondolewe kwanza, tena mchana, kabla njia hazijakatika.

Baada ya maji kupungua, kila kitongoji kiweke alama ya kudumu kwenye ukuta wa shule, nguzo au mti mkubwa kuonyesha kimo yalikofika, pamoja na tarehe. Alama hiyo humwezesha mtaalamu kupima kama ramani ya setilaiti ilisema kweli, na humwonyesha kijana anayetafuta kiwanja mahali pasipofaa kujengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaotangulia masika, wakazi wanayo haki ya kuiuliza kamati yao maswali matatu: nani hupokea taarifa ya TMA na huifikishaje kwenye vitongoji visivyo na mtandao wa simu, watu watahamia wapi, na nani atawasaidia wasioweza kutembea. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na majina ya waliokabidhiwa kazi yabandikwe katika ofisi ya kijiji.