Mgeni Huyu Tumpe Jembe, Tusimpe Nyumba



Mtu apitaye Uyole, mahali ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela huachana na ile kuu iendayo Mbeya mjini na Zambia, huona mashamba ya mahindi, maharage na viazi. Hapo pia pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sifa yake imefika mbali kwa sababu ya mbegu zake. Wakulima wengi wasiopata kukanyaga Uyole wamekwisha kupanda maharage yaitwayo Uyole 84 au Uyole 96. Watu wa hapo, basi, si wageni wa elimu. Hata hivyo siku hizi imeingia mashambani elimu ya namna nyingine, isiyokaa kituoni wala kuvaa koti jeupe, bali hukaa ndani ya simu.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa Uyole. Ameamka alfajiri, akakuta majani ya mahindi yake yametobolewa, na katikati ya kila mmea, pale majani machanga yanapochipuka, pamejaa kitu kama unga wa mbao. Bwana shamba, au afisa ugani kama tunavyomwita siku hizi, yuko mbali, tena ana vijiji vingine vya kuangalia. Mwanawe aliye sekondari atoa simu, apiga picha ya jani, na punde simu yajibu kwamba hiyo ni kazi ya kiwavijeshi vamizi. Je, mama afanye nini? Auze maharage aliyoweka kwa chakula cha watoto apate kununua dawa? Au aiachie simu neno lake, yeye angoje? Swali la mama huyu ndilo somo letu la leo, kwa maana ndani yake zimo faida na hasara za mashine hizi zenye akili.

Akili hii ni kitu gani?

Wengine huiita akili mnemba, wengine akili bandia. Isidhaniwe kwamba ndani ya simu mna kiumbe anayefikiri. Wataalamu hukusanya picha nyingi za majani, na kila picha mtu mwenye ujuzi huipa jina: hili ni zima, hili lina kutu, hili limeliwa na mdudu. Mashine hupitishwa katika picha hizo mara nyingi mno, hata iweze kukadiria jina la jani jipya kwa kulifananisha na yale iliyoonyeshwa. Huko Uganda, kwa mfano, mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na watafiti wa mazao wa nchi hiyo walitoa picha 1,295 za majani ya maharage kwa ajili ya kazi kama hiyo. Basi mashine haijui kama mtu ajuavyo, inakadiria. Neno hili tulishike vizuri, maana mengine yote yatoka humo.

Roboti ni ndugu wa mashine hizo, ila huyo hufanya kazi za mikono. Jina lake lilianza katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, nalo latokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Huko Uholanzi, tangu mwaka 1992, ziko roboti zikamuazo ng'ombe pasipo mkono wa mkamuaji. Kwetu Nyanda za Juu roboti ya namna hiyo bado ni habari ya kusimuliwa. Lakini akili mnemba imekwisha kupiga hodi, tena kwa lugha yetu.

Faida zake

Mfano ulio karibu nasi huitwa Nuru. Ni programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, na picha nyingi za mihogo zilizoifundisha zilipigwa katika mashamba ya Tanzania. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitangaza pia kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuonekana nchini mwetu mwaka uliofuata. Programu hii hutambua dalili hata mahali pasipo intaneti, jambo lenye thamani kubwa vijijini.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulilinganisha macho ya Nuru na macho ya watu katika kutambua magonjwa ya mihogo. Katika kila dalili 100, wakulima walipatia 18 hadi 31. Maafisa ugani walipatia 40 hadi 58. Nuru ilipatia 65. Tena ilipoonyeshwa majani sita ya mche mmoja badala ya jani moja, ilifika 74 hadi 88. Mhogo si zao la baridi ya Uyole, lakini somo ni moja kwa mazao yote. Ndugu zetu waliozoea kung'oa wasichopaswa kung'oa, na kuacha kilichopaswa kung'olewa, wamepata msaidizi. Huo si msaada wa kudharauliwa, na atakayesema kwamba mashine ni kazi ya shetani, akawanyima jirani zake nafasi ya kuokoa chakula chao, atakuwa amewakosea.

Hasara zake

Kwanza, mashine hukosea bila haya. Tutazame tena hesabu ile: hata kwa majani sita, katika dalili 100 bado hukosea 12 hadi 26. Mtu mwenye mashaka huonyesha mashaka usoni, lakini simu haina uso. Tena yako mambo ambayo jani haliyasemi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini, huko Amani, mwaka 1936, huweza kuozesha mhogo ardhini huku majani yakionyesha dalili hafifu tu. Mwenye kutazama jani peke yake atapita akisema salama, kumbe njaa i chini ya miguu yake.

Pili, mashine hulijua jani, haiijui nyumba. Haikuona ghala la mama yule, wala haijui kwamba ada ya shule haijalipwa. Haijui kama mvua za wiki hii zitaupa mmea nguvu ya kupona, maana mahindi yenye afya huweza kustahimili madhara kiasi. Haioni siafu na nyigu wanaomla kiwavi, ambao sumu ikipigwa ovyo huuawa pamoja naye. Kutambua mdudu ni jambo moja. Kuamua yafaayo nyumbani ni jambo jingine.

Tatu, mashine haijibu kwa matendo yake. Hapa tutoke shambani kidogo, tutazame mikopo. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, Watanzania wengi wamezoea kukopeshwa kwa simu: mashine huangalia mwenendo wa mtu katika simu na akiba yake, kisha hukata shauri apewe kiasi gani. Msaada upo, hasa kwa asiye na hati ya nyumba wala mdhamini. Lakini aliyenyimwa amwulize nani sababu? Na wenye tamaa wamepata mlango: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi pasipo kibali. Ubaya huo si wa mashine, ni wa watu waliojificha nyuma yake. Ndiyo sababu yatupasa kuuliza siku zote: nyuma ya simu hii yuko nani?

Nne, nyuma yake liko jasho la watu. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa kusoma maneno machafu na ya kutisha, na kuyapa majina, ili mashine ya maongezi iitwayo ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Ujira wao ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa, na baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza moyoni. Sisi Wakatoliki hatuwezi kulipita jambo hilo. Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, siku za viwanda vipya. Na Baba Mtakatifu Leo XIV, alipozungumza na Makardinali tarehe 10 Mei 2025, alisema kwamba alichagua jina hilo hasa kwa ajili ya mafundisho yale, kwa kuwa akili mnemba yaleta tena swali la heshima ya mtu, haki na kazi.

Yatupasa tufanye nini?

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekwisha kufika. Kumfukuza hatuwezi, wala hakuna haja. Tumpe jembe, afanye kazi. Lakini nyumba tusimkabidhi, maana mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa habari za watoto wake.

Turudi basi kwa mama wa Uyole. Asiitupe simu, wala asikimbilie duka la dawa. Atembee shamba zima pamoja na mwanawe, wakague mimea ya kila upande, wahesabu iliyoshambuliwa na iliyo mizima. Wapige picha za majani mengi, si moja. Kama walioshambulia ni wachache, wawaokote kwa mkono na kuponda mayai. Kama ni wengi, wampelekee bwana shamba hesabu yao na picha zao, wamwulize dawa gani, kiasi gani, na saa gani. Baada ya hayo mama aamue mwenyewe. Akikosea, atakuwa amejifunza. Akipatia, atakuwa amejifunza pia. Aliyeifuata simu tu hajifunzi lolote kwa njia zote mbili.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wenye watoto shuleni. Yuko mtoto aiulizaye mashine ili aelewe, na yuko aiombaye imwandikie insha apate kwenda kucheza. Wa kwanza amempa mgeni jembe. Wa pili amempa nafsi yake. Kumpokonya simu hakutamponya. Jioni, baada ya chakula, mwambieni afunge simu akaeleze kwa kinywa chake aliyoyaandika. Akiweza, mpongezeni. Asipoweza, kazi hiyo si yake, na airudie kesho kwa mkono wake mwenyewe.