Somo: Maradhi, Dawa na Wasia



Wengi mmeuliza sababu ya darsa ya Jumamosi kusimama, na khabari zimekwisha enea kwa namna mbalimbali. Yuko aliyesema tumesafiri, na yuko aliyesema tumerogwa. Tumeona ni bora tuieleze haki yake kwa kalamu yetu wenyewe. Tuna maradhi ya saratani katika utumbo mpana, na tutapasuliwa siku chache zijazo, in shaa Allah. Na kwa kuwa kazi yetu ni kusomesha, tumeyafanya yaliyotufika kuwa somo.

Twaanza na kosa letu. Kwa muda wa miezi saba tulikuwa tukiona damu chooni. Tulijiambia kuwa ni bawasiri, tukanywa majani tuliyoletewa, tukanyamaza. Mke wetu ndiye aliyetulazimisha twende kwa tabibu, baada ya kuona kanzu zinatupwaya na nguvu zinatuisha. Tabibu aliingiza mpira mwembamba wenye kamera, akaona uvimbe, akakata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Tulingoja jibu siku tisa. Aliyepata kungoja jibu kama hilo anajua urefu wa siku tisa. Hata rakaa zilitupotea. Mwanafunzi wetu mmoja alitukumbusha kwa tasbihi mara mbili katika sala moja, wala hatukumweleza sababu.

Basi na ajue msomaji kuwa damu chooni si lazima iwe saratani, na mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini haijulikani mpaka itazamwe. Maradhi haya aghalabu huanza kuwa kinyama kidogo ndani ya utumbo, kikakaa miaka bila ya kuumiza, na kikikutwa mapema hukatwa jambo likaisha. Mtu aliyesomesha mlango wa istinja miaka ishirini, kisha akashindwa kumwambia tabibu kitokacho kwake, haya yake hiyo haina asili katika dini.

Wako wanaodai kuwa kwenda kwa tabibu ni upungufu wa tawakali. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui juu ya kujitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na Ubayy bin Kaab, naye ni katika wakubwa wa wasomaji wa Qur'ani, alipougua alipelekewa tabibu na Mtume mwenyewe. Tabibu akamkata mshipa, kisha akamchoma kwa moto. Hayo hayakuwa matibabu mepesi, na Ubayy hakuambiwa kuwa imani yake ni haba. Asali twaila, na habasoda twaitumia, lakini hatukuzifanya hoja ya kukikimbia kisu. Na kila tunachokinywa tumemwambia tabibu, kwani ziko dawa za majani zinazogombana na dawa za hospitali.

Tabibu ametueleza kuwa ataikata sehemu ya utumbo yenye uvimbe pamoja na tezi zilizo jirani nayo, kisha ataziunga pande mbili. Tezi hizo zitatazamwa kwa hadubini; zikikutwa na saratani, tutatiwa dawa ya mishipani kwa miezi kadhaa. Akaongeza kuwa huenda akalazimika kuutoa utumbo kwenye tundu la tumbo, kinyesi kikawa chatokea katika mfuko. Hili lilituuma kuliko kisu. Usiku ule hatukufikiri mauti, tulifikiri mihrabu: vipi tutasimama mbele ya watu na najisi tumeichukua kiunoni?

Tukarejea vitabuni, kwani mtu hufasiriwa na hofu yake mambo ambayo fuqahaa hawakuyasema. Mtu wa namna hii hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya daima, kama mwanamke mwenye istihadha. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa shida hiyo, wala hakuruhusiwa kuacha sala. Basi wakati ukishaingia atauosha mfuko wake au ataubadilisha, atatawadha, na atasali faradhi yake. Kitokacho baada ya hapo hakimdhuru, na kwa faradhi nyingine atatawadha tena. Ama uimamu, Imamu Nawawi katika Minhaj amesahihisha kuwa mzima kumfuata asiyeweza kuzuia mkojo kwasihi, na huyu wetu ni mfano wake. Kwa hiyo mlango haukufungwa. Hata hivyo tumekwisha mwomba kijana wetu mmoja asimame mahali petu kwa muda, si kwa kuwa haifai, bali kwa kuwa tumbo lililoshonwa halisujudu upesi.

Iko dawa itumikayo sana kwa saratani hii, yaitwa oksaliplatini, nayo hufanya vidole viwashe na kufa ganzi vikigusa baridi. Amr bin Al-As katika vita vya Dhatus-Salasil alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu, akawasalisha wenziwe; Mtume alipoelezwa alicheka wala hakusema neno. Lakini asichukue mtu kisa hiki akakimbilia mchanga na birika la maji ya moto liko jikoni.

Saumu hatutairefusha. Mgonjwa hula akalipa akipona, na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kwa kila siku.

Limebaki la wasia. Jamaa zetu walipotuona na karatasi walilia, kana kwamba kalamu ndiyo imwitayo Malaika wa mauti. Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, hata akaona ajali yake imefika. Alikuwa na mali, wala hana mrithi wa kizazi chake ila binti mmoja. Akataka kutoa sadaka theluthi mbili, akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa theluthi, na hiyo nayo akaambiwa ni nyingi. Kisha Saad akapona! Akaongoza jeshi la Qadisiya, akazaa watoto wengine, akaishi zaidi ya miaka arobaini baada ya mazungumzo yale. Nasi tumeandika: deni la duka la vitabu, amana mbili za mayatima, na siku nne za saumu tulizokuwa tukiziahirisha. Tumejiandikisha pia katika bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024. Aliye mzima asingoje kama tulivyongoja. Kupanga foleni na maumivu tumboni ni kazi.

Mwenye kuja kututazama na aje baada ya Alasiri, akae kidogo, wala asije na chupa. Darsa itarudi Jumamosi hii kwa kijana tuliyemtaja. Tulikuwa tumefika mlango wa Janaiza kabla ya khabari hizi. Tumemwambia ausomeshe wote, asiruke kitu kwa ajili yetu.