Nguo za Baiskeli kwa Fukuto la Pwani: Jinsi ya Kuzichagua

Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na hewa imejaa unyevu hata shati linalowa kabla hujatoka mlangoni. Anayekwenda Kariakoo kwa baiskeli kutoka Mbagala hulaumu jua, lakini mara nyingi kinachomchosha ni jasho lisilokauka. Jasho hupoza mwili linapogeuka mvuke juu ya ngozi. Likidondoka chini, halikusaidii kitu. Hewa yenye unyevu mwingi haipokei mvuke huo kwa urahisi, na ndiyo maana mtu huloa Tanga kwa kazi ambayo Dodoma isingemlowesha hata kola.

Nafuu ya mwendesha baiskeli ni kwamba anatembea na upepo wake, hata siku ambayo makuti hayatikisiki. Basi kila nguo unayoishika uiulize kwanza kama itauruhusu upepo huo ufike kwenye ngozi.

Hatua ya 1: Pima safari yako

Kama unakwenda kilomita tatu au nne polepole, huhitaji nguo maalumu. Shati jepesi la pamba au kitani lililolegea kidogo linatosha. Safari ikizidi hapo, au ikiwa na vilima, tenga nguo za njiani na za kazini. Zile za kazini zikunje, uzitie kwenye mfuko usiopitisha maji na uzifunge kwenye keria. Begi la mgongoni liache nyumbani ukiweza, maana linaziba mgongo wote, na mgongo ni moja ya sehemu zinazotoa jasho jingi.

Hatua ya 2: Chagua shati kwa mikono yako, usiishie kwenye lebo

Pwani tumelelewa kuamini kwamba pamba ni baridi, na kwa mtu aliyekaa barazani ni kweli. Kwa anayekanyaga pedali kwa saa nzima hali inabadilika. Pamba hupenda maji: hata katika hewa ya kawaida nyuzi zake hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifikii asilimia 1. Fulana nzito ya pamba ikishalowa huganda mgongoni, huziba upepo, na hukaa hivyo mpaka ufike.

Lakini usikimbilie kila kitu kilichoandikwa poliesta. Shati la ofisini la poliesta lililofumwa kwa kubana ni baya kuliko fulana yoyote. Ufumaji una uzito kuliko jina la uzi. Ukiwa kwenye meza za mitumba Karume au Kongowea, lifanyie shati majaribio haya:

Liinue juu uelekee mwanga. Ukiona matundu madogo yaliyopangika, hasa kwapani na mgongoni, ni dalili nzuri. Kisha weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, upulize. Kama pumzi haifiki kiganjani, upepo wa barabarani nao hautafika kifuani. Mwisho dondoshea tone la maji upande wa ndani. Likisambaa haraka na kuwa bapa, kitambaa kitalitandaza jasho likauke. Likibaki duara juu ya kitambaa, jasho lako nalo litabaki kwenye ngozi. Muuzaji akishangaa, mweleze unachotafuta. Wengi wao wanavijua vitambaa vizuri sana na watakuchambulia robota zima.

Jezi ya mpira, iwe ya Simba au Yanga, hufaa ikiwa nyepesi. Ile nene yenye nembo kubwa ya plastiki kifuani huziba pale pale penye upepo. Kwa fulana za michezo, uzito wa gramu 120 hadi 140 kwa mita ya mraba ni mzuri. Fulana nyingi za pamba huwa na 180 hivi.

Kabla hujalipa, inama kama umeshika usukani. Shati lisipande likaacha kiuno wazi, wala kola isikukabe. Zipu ya mbele inayoshuka hadi kifuani ni ya thamani kubwa ukiwa kwenye foleni, upepo umekata.

Hatua ya 3: Bukta, mahali pasipo mzaha

Wapo wanaoacha baiskeli kwa sababu ya kuchubuka, si kwa uchovu. Ngozi iliyolowa ni laini na huchubuka upesi. Ongeza mshono mnene wa jinzi unaokutana katikati, pale pale unapokalia, na baada ya wiki una harara na vidonda kinenani. Jinzi weka kando.

Kitu bora ni bukta ya baiskeli yenye pedi. Inavaliwa bila chupi ndani yake. Hili husahaulika sana, na chupi ndiyo inayoleta mishono na unyevu ambavyo pedi imewekwa kuviepuka. Usidanganywe na pedi nene kama godoro. Kwenye fukuto hunyonya jasho na kukaa nalo. Tafuta iliyo nyembamba, ngumu kiasi, isiyojikunja. Igeuze ndani nje, pitisha kidole kwenye kila mshono: unaokukwaruza kidole dukani utakukwaruza paja barabarani. Lastiki ya mguuni iwe pana, isiache alama.

Kama unaona haya kutembea na bukta inayobana, vaa suruali nyepesi au kaptula pana juu yake. Na kama hujamudu kuinunua, boksa ndefu ya kubana isiyo na mshono katikati, pamoja na mafuta ya mgando mapajani, itakusitiri vizuri.

Hatua ya 4: Stara na cheni

Tanga na Unguja wanawake huendesha baiskeli na hijabu kila siku, kwa hiyo stara na baiskeli vinakwenda pamoja. Adui ni pindo. Dera au buibui likiingia kwenye spoki au cheni, kuanguka ni dakika moja. Mwombe fundi cherehani akushonee suruali pana yenye lastiki kifundoni, kwa kitambaa chepesi, na juu yake gauni linaloishia magotini lenye mpasuo pande zote mbili. Mtandio uwe mwepesi unaopitisha hewa, ncha zake zichomekwe ndani ya gauni. Anayevaa kanzu naye aikunje na kuifunga kiunoni, suruali ikiwa ndani. Fundi baiskeli anaweza kukufungia kikinga cheni, na nyavu kwenye gurudumu la nyuma.

Hatua ya 5: Jua, kichwa na miguu

Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini Dar es Salaam. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi kilicholegea huwa nafuu kuliko ngozi tupu. Soksi za mikono wanazovaa bodaboda zinafaa pia, ukizilowesha ndiyo zaidi. Kumbuka kwamba pamba nyeupe nyembamba ikilowa hupitisha miale mingi zaidi, kwa hiyo usiitegemee pekee. Mwenye ualbino asitoke mchana bila mikono mirefu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua.

Kofia ngumu iwe na matundu mengi mbele. Kandambili huteleza kwenye pedali. Vaa raba za wavu au sandali zenye mkanda wa nyuma. Jioni ongeza kizibao cha kuakisi mwanga, kile cha wavu, maana cha plastiki kitakupika.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha tunza

Kabla ya kuzitegemea nguo hizi kazini, zivae Jumapili asubuhi kwa nusu saa. Ukirudi jitazame: penye wekundu ndipo penye kosa, ama mshono, ama saizi.

Poliesta hushika harufu. Isuuze siku ile ile, hata kwa maji matupu. Harufu ikikataa kutoka, iloweke kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni. Dawa ya kulainisha nguo usitumie. Huacha utando unaozuia jasho kusambaa. Bukta ianike ikiwa imegeuzwa, pedi ielekee juani. Wakati wa masika pedi inaweza isikauke kwa usiku mmoja, kwa hiyo kuwa na bukta mbili, na ile yenye unyevu usiivae hata kama umechelewa.