SOMO: TUMBO KUJAA SI MWILI KUJENGWA



Katika somo hili tunachunguza mawazo manne juu ya chakula, ambayo yanasikika sana katika nyumba zetu, hata kati ya waaminifu. Yanaonekana kuwa mambo madogo ya jikoni. Lakini kwa ajili yake watoto wanakufa, na mara nyingine mama mzee asiye na kosa anafukuzwa katika jamaa kwa kuitwa mlozi. Basi tuyatazame moja moja.

1. «Mtoto amevimba: amenenepa, au amelogwa»

Hapa Kivu tunauita ugonjwa huu bwaki. Miguu inavimba, ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso unakuwa wa mviringo, nywele zinageuka nyekundu na kung'oka bila nguvu, ngozi inabambuka. Mtoto hachezi tena, wala hataki kula. Kwanza jirani anasema: «Amenenepa.» Kiisha, mtoto akizidi kulegea, watu wanaanza kutafuta ni nani aliyemloga.

Madaktari wanauita kwashiorkor. Neno hilo ni la Kiafrika, la lugha ya Kiga ya Ghana. Daktari Cicely Williams alilijulisha kwa waganga wa dunia mwaka 1935. Wamama wa huko walitaja hivyo ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Angalieni vema: wamama wale walikuwa wamekwisha kujua mlango ambao ugonjwa unapitia. Mtoto anatolewa kwenye maziwa ya mama, anapewa bugali na mchuzi wa mboga. Bugali wa muhogo unashibisha na kutia nguvu ya kazi, lakini karibu hauna kitu cha kujenga mwili. Surua au kuhara kukimkuta mtoto huyo, anaanguka.

Tena wengi husema kwamba mimba inaharibu maziwa ya mama. Si kweli. Mama mwenye mimba isiyo na shida, naye akila vema, anaweza kuendelea kunyonyesha. Mtoto apewe ziwa tu, hata maji hapana, mpaka miezi 6. Halafu ziwa pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi.

Mtoto mwenye dalili za bwaki apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Tusimjaze chakula kingi ili apone upesi, kwa maana mwili wake hauwezi kukibeba; kule anaanzishwa kwa maziwa ya pekee, kidogo kidogo. Na maombi? Yafanyike njiani kwenda hospitali, na yafanyike kando ya kitanda. Yasifanywe badala ya safari hiyo.

2. «Kulowesha muhogo usiku mmoja kunatosha»

Muhogo mchungu una sumu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo, maana yake kwa Kiyaka ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, na kwa muda mfupi miguu inakazana asiweze kutembea vema tena, maisha yake yote. Unawapata zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Baadaye ulionekana pia hapa Kivu ya Kusini. Huko nako watu walitafuta mlozi. Kumbe sababu ilikuwa muhogo ulioloweshwa muda mfupi, kwa njaa au kwa haraka ya kuuza, tena ukaliwa bila maharagi wala samaki.

Muhogo mchungu umenywe, uloweshwe siku 3 au 4 mpaka ulainike, kiisha ukauke juani. Kama unga una mashaka, uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba, usizidi sentimita 1. Ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo upikwe siku ile ile. Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana.

3. «Yai linamfanya mtoto kuwa mwizi, nyama ni ya baba»

Yai halifundishi mtu kuiba. Mtoto aliyepita miezi 6 anaweza kula yai lililoiva vema, na linamjenga. Katika nyumba nyingi baba anapewa samaki, watoto wanabaki na mchuzi. Baba amekwisha kukua; anayekua ni mtoto, na aliye tumboni mwa mama anakua pia. Wababa, sahani yetu na ipunguzwe kwanza.

4. «Chakula chema ni cha dukani»

Wengine humnunulia mtu aliyepungukiwa damu kinywaji chekundu chenye sukari. Rangi si damu. Apimwe malaria na minyoo, na ale maini, samaki, maharagi, lengalenga. Sambaza, waliotolewa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwaka 1959, wanaliwa pamoja na mifupa yao, nayo inajenga mifupa yetu. Karanga zilizosagwa zinaufanya uji kuwa chakula kamili zaidi. Mawese mekundu yanalinda macho; lakini tukiyachoma mpaka yawe meupe, tumeuua wema wake.

Neno la kufunga

Nabii Eliya alipochoka na kulala chini ya mti, akiomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwamsha mara ya pili ale tena, ndipo akaenda safari ya siku 40. Mungu hakuona haya kuanza na chakula. Basi sisi tusimpe jirani jina la mlozi kabla ya kuangalia sufuria yetu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Jana, mtoto wetu mdogo alikula nini mbali ya bugali?
2. Katika nyumba yetu nani anapewa samaki wa kwanza?
3. Tukiona miguu ya mtoto imevimba, tutakwenda wapi kwanza?

Bwana awabariki. Amina.