Moshi wa Kiwanda: Anza na Daftari

Mitaa mingi inayopakana na viwanda ina malalamiko tele na ushahidi haba. Wakazi husema wanaumia, ofisi hujibu kwamba itafuatilia, mwaka unapita. Kabla ya maandamano na kabla ya wakili, nunueni daftari.

Moshi au harufu ikija, andika papo hapo: tarehe, saa ilipoanza na ilipokoma, mahali uliposimama, upepo unatoka wapi, harufu inafanana na nini, mwili umeathirika vipi. "Hewa mbaya sana" haimsaidii mkaguzi. "Saa nane hadi saa kumi usiku, harufu ya mayai viza, mtoto alikohoa mpaka akatapika" humpa cha kufuata. Siku ambazo hewa ni safi nazo ziandikwe. Daftari lenye mabaya matupu hutiliwa shaka, lakini lenye siku zote huweza kufichua, kwa mfano, kwamba moshi huzidi Jumamosi usiku, wakati maafisa wako majumbani mwao.

Upepo ndio shahidi mkuu. Watu wa pwani wana nafuu, kwani kusi na kaskazi wanazijua tangu utotoni. Kiwanda kikiwa kusini mwa mtaa wenu, kusi itawaletea ninyi moshi, na kaskazi itawapelekea walio upande wa pili. Watafuteni hao nao waweke daftari lao. Nyumba kumi zilizoandika kila moja kivyake, bila kusikilizana, zikataja saa ile ile, si rahisi kuzipuuza.

Mkipata uwezo, tafuteni kipima hewa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere hutengeneza vipima vya chembe laini za vumbi na moshi, zile ziitwazo PM2.5. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Kipima msikifunge karibu na jiko la makaa, jaa la takataka au barabara ya vumbi, na mkumbuke kwamba unyevu mwingi hupandisha namba zake. Ndiyo sababu napendelea vipima viwili, kimoja upande upepo unakotoka na kingine upande unakoelekea. Tofauti ya viwili hivyo ina uzito kuliko namba moja kubwa ya kutisha.

Kipima cha chembe, hata hivyo, hakiwezi kuwaambia kama vumbi lina madini ya risasi. Mfano ni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mwanawe mchanga alipougua, kipimo cha damu kilionyesha risasi, na watoto wengine wa mtaa walipopimwa nao wakakutwa nayo. Damu na udongo vilisema ambalo pua isingeweza kulisema. Basi ulizeni kwanza kiwanda kinachoma au kuyeyusha nini, ndipo mjue cha kupima. Wafanyakazi wake ni majirani zenu na wanajua mengi. Msiwafanye adui, wala msiandike majina yao popote.

Malalamiko yapelekwe kwa maandishi kwa wasimamizi wa mazingira: NEMA kwa Kenya, NEMC kwa Tanzania. Ambatisheni nakala za daftari, asili ibaki kwenu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua yenu haikufika. Nchini Kenya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, kwa hiyo ombeni leseni ya kiwanda na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya humruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Jiandaeni kwa safari ndefu. Kiwanda cha Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Daftari lenu liwekeni mahali pakavu, na nakala yake iwekwe nyumba nyingine.