MENO YA WANYAMA WA KALE YATUFUNDISHA NINI?

Mtu ajuaye mifugo, awe wa Kitui au wa Makueni, hanunui mbuzi sokoni kabla ya kumfunua mdomo. Akiona meno ya utotoni yangalipo yote, ajua kuwa huyo bado mchanga. Akiona meno mawili makubwa yameota mbele, ajua kuwa amekwisha komaa kidogo. Na akiona yote manane yametimia na kuanza kulegea, hurudisha fedha yake mfukoni. Elimu hiyo hiyo ya kusoma meno ndiyo itumiwayo na wataalamu wachunguzao wanyama waliotoweka duniani zamani sana.

Mnyama akifa mbugani, fisi na jua humaliza mifupa yake. Lakini akifunikwa upesi na tope la ziwa au jivu la volkano, maji yapitayo ardhini huingiza madini ndani ya mifupa ile kidogo kidogo, hata ikawa mizito kama jiwe. Mabaki hayo huitwa visukuku. Jino, kwa kuwa ni gumu kuliko mfupa, hudumu kuliko vyote.

Kwanza, jino hueleza chakula. Huko Olorgesailie, kwenye njia ya kwenda Magadi, yamepatikana mabaki ya ndovu wa kale mkubwa kuliko wa leo. Magego yake yalikuwa marefu, yenye matuta mengi, nayo yafaa kusaga majani makavu ya nyikani. Lakini Deinotherium, mnyama wa jamaa ya ndovu ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, alikuwa na magego mafupi ya kutafuna majani ya miti. Basi penye mabaki ya Deinotherium, twajua kuwa miti haikuwa mbali.

Pili, jino hueleza kimo. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza mnyama waliyemwita Simbakubwa kutokaafrika, aliyeishi magharibi ya Kenya yapata miaka milioni 22 iliyopita. Hakuwa simba wala jamaa yake. Mabaki yake ni machache, nayo yalikuwa yamekaa miaka mingi katika makabati ya makumbusho ya Nairobi; lakini kwa kupima taya na meno yake ilitambulikana kuwa alimpita simba wa leo kwa ukubwa.

Tatu, jino hueleza umri wa ardhi yenyewe, na hapa ni nguruwe waliosuluhisha mabishano ya wataalamu. Mwaka 1972 Bwana Bernard Ngeneo aliona fuvu la kiumbe wa jamaa ya binadamu huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Juu ya mahali pale palikuwa na tabaka la jivu la volkano lililodhaniwa kuwa la miaka milioni 2.6. Wengine walikataa. Walionyesha kuwa magego ya mwisho ya nguruwe wa kale yalizidi kurefuka kizazi baada ya kizazi, na kuwa nguruwe wa Koobi Fora walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliolala katika matabaka ya miaka kama milioni 2 tu. Jivu lilipopimwa tena, lilionekana kuwa la miaka milioni 1.9 hivi. Nguruwe walisema kweli! Lakini lau meno yao yangaliokotwa bila kuandikwa yametoka tabaka gani, yangalikuwa mawe matupu.

Huenda msomaji wa Ukambani akauliza, mbona visukuku vyatajwa kwingine tu? Sababu ni kuwa mawe mengi ya vilima vyetu yalipikwa kwa joto na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla hajazaliwa mnyama yeyote anyonyeshaye. Na ule mgongo mrefu wa Yatta ni moto wa volkano uliotiririka na kuganda yapata miaka milioni 13 iliyopita. Moto hauhifadhi mifupa.

Hata hivyo, Ukambani haukukosa sehemu yake. Bwana Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni na mwana wa mchungaji wa mbuzi, alianza kazi ya kuchimba kwa Dakta Louis Leakey na mkewe Mary huko Olduvai mwaka 1960. Hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kwa macho na kwa subira. Mwaka 1984, huko Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe, na kutoka hapo yakapatikana karibu mabaki yote ya mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1995 mnyama wa jamaa ya sokwe, aliyeishi Turkana zaidi ya miaka milioni 24 iliyopita, alipewa jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Bwana Kamoya alifariki mwaka 2022, lakini jina lake limebaki katika vitabu vya dunia nzima.

Basi, ewe mchimba kisima, na wewe mchota mchanga mtoni, ukikuta mfupa mzito kama jiwe, usiuvunje, usiuoshe, wala usiuhamishe. Weka alama mahali pale, kisha mwarifu chifu ili habari ifike Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Sheria ya mwaka 2006 yavilinda vitu hivi. Mfupa ulioondolewa mahali pake ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.